Sahani Niliyoijaza kule Skärholmen

Mimi ni mwoga, na sioni haya kulisema. Wauguzi niliofanya nao kazi miaka thelathini hapa Kasulu wananijua: radi ikipiga, naingia chini ya meza. Wakinicheka nawajibu kwamba kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio. Kwa hiyo mtu asidhani nilikwenda Ulaya kutafuta ujasiri. Nilikwenda kwa sababu binti yangu Neema, anayeishi Stockholm, alijifungua mtoto wa pili mwishoni mwa mwaka 2008, na kila aliponipigia simu alikuwa akilia bila kusema analilia nini. Mume wake Salvator, Mrundi aliyekulia katika kambi ya wakimbizi hapa hapa kwetu, akanitumia tiketi.

Ndege sitaisimulia. Nilifumba macho kutoka Dar es Salaam, na mpaka leo sijui bawa la ndege linafanana na nini.

Uwanja wa ndege wa Arlanda, saa kumi alasiri. Niliona nje giza totoro nikadhani saa yangu imekufa. Ofisa wa mpakani aliigeuza pasi yangu, akaitazama viza ya siku tisini, akanitazama mimi, akaitazama tena viza. Nilishika mkoba kwa mikono miwili. Nilipomwona Salvator upande wa pili na kofia yake ya sufu, nilimshika mkono kama mtoto.

"Karibu, Mabukwe," alisema. Ndivyo Warundi wanavyomwita mama mkwe. "Usiogope tena, umefika."

Njiani tulipanda gari la kazi lililonuka rangi, maana mkwe wangu ni mpaka rangi majumbani. Tulipopita Upplands Väsby alinionyesha ghorofa waliyoimaliza wiki ile, yeye na Mpolandi mmoja aitwaye Marek, ambaye ndiye mwenye gari na mwenye kazi. "Hapo awali tulikuwa batatu," akasema, halafu akabadilisha mazungumzo.

Akalla, mtaa anaoishi Neema, wiki tatu za kwanza. Nilimkanda Neema kwa maji ya moto, nikampikia uji, nikamlaza mchana, na taratibu kilio kikakoma. Mjukuu wangu mkubwa, Aline, wa miaka sita, nikimsemesha Kiswahili ananijibu Kiswidi. "Nej, mormor," ananiambia nikitaka kumfunika kichwa. Nej ni hapana, na mormor ndiyo bibi mzaa mama. Nje sikutoka sana. Kila nilipoona sare yoyote, hata ya mkagua tiketi, nilipapasa mkoba kuhakikisha pasi ipo.

Tarehe ishirini na nne Desemba, saa saba mchana, tuliondoka kwenda Skärholmen. Marek alikuwa ametualika sote chakula cha mkesha wa Krismasi, lakini kichanga kilikuwa na kikohozi, Neema akabaki naye. Tukaenda watatu: Salvator, Aline na mimi. Tulipanda treni ya buluu inayopita chini ya ardhi, tukabadilisha katikati ya mji, tukaingia ile nyekundu. Tuliposhuka, baridi ilinipiga usoni kama kofi.

Nyumbani kwa Marek, ghorofa ya tatu. Marek ni pande la mtu lenye mikono ya saruji. Mkewe Ewa ni mwembamba na mcheshi. Na kulikuwa na mama yake Marek, bibi Halina, aliyepita miaka themanini, aliyeletwa kutoka Poland msimu ule ili asikae peke yake. Bibi hakujua Kiswidi. Akisema jambo kwa Kipolandi, Marek analitia kwenye Kiswidi, Salvator analileta kwenye Kiswahili. Tulivumiliana hivyo hivyo.

Mezani chini ya kitambaa cheupe walitandika majani makavu, ukumbusho wa hori alimolazwa Mtoto Yesu. Hakuna anayekula mpaka nyota ya kwanza ionekane. Siku hiyo mawingu yalifunika kila kitu, Ewa akaiangalia saa akasema nyota wamekubaliana imetoka. Nikahesabu sahani: saba. Sisi tulikuwa sita.

"Ya Neema?" niliuliza.

Salvator akauliza, bibi akajibu, jibu likazunguka. "Hapana, Mabukwe. Ya Neema wameiondoa. Hii bibi anasema ni ya mgeni asiyealikwa. Kila mwaka wanaiweka. Mtu yeyote akigonga usiku huu, hii iko yake."

Nilifurahi kweli. Nilisema kwetu nasi twasema mgeni njoo, mwenyeji apone. Marek akacheka, akamimina supu nyekundu ya kiazi sukari.

Kisha maongezi yakageuka. Vita vya Urusi na Georgia vilikuwa vimepita Agosti ile, na Marek alikuwa bado ndani yake. Alisema Warusi hawana haraka: leo wanakula jirani wa mbali, kesho wa karibu. Chini ya kitanda ana begi lenye vyeti vya familia nzima, na tangi la gari halishuki chini ya nusu. Yuko Sweden, ng'ambo ya bahari, na bado anaweka begi! Sikumcheka. Mimi langu lilikuwa mapajani.

"Katika kuwaogopa Warusi, sisi na Waukraini tuko pamoja," alisema Ewa. "Ndugu zetu wale. Mwaka 2004, walipoandamana kudai uchaguzi wa haki, nilivaa utepe wao wa rangi ya chungwa kazini wiki nzima."

Bibi Halina aliweka kijiko chini. Alisikia tu neno Ukraini, likamtosha. Alisema maneno machache, na Marek alikawia kuyatafsiri.

"Anasema," Salvator akaninong'oneza, "wakati wa vita kuu, kijiji chao kilichomwa na Waukraini, majirani. Baba yake na kaka zake wawili walikufa. Anasema Mrusi alikuja na bunduki, ukamjua ni adui. Lakini Muukraini alikuja na jina lako mdomoni."

Hadithi hiyo naijua kwa mikono yangu. Niliwafunga vidonda Warundi waliovuka mpaka mwaka 1972 na mwaka 1993, na wote walisema vivyo hivyo: alikuja mtu tunayemjua.

Hapo mlango ukagongwa.

Marek alitoka kwenda ukumbini. Tulisikia sauti ya mwanamume, ya chini, ikiomba. Salvator alisimama, akasikiliza, akarudi mezani.

"Ni Petro," alisema. "Muukraini. Ndiye alikuwa wa tatu wetu. Marek alimsimamisha mwezi wa tisa, hana karatasi. Leo asubuhi polisi walikuja walikolala, akaruka dirisha. Tangu hapo iko nje tu."

Nje palikuwa na baridi ya kuua. Nilimwona Petro kupitia upenyo wa mlango: kijana wa kama miaka thelathini, koti la kazi lisilofungika, masikio mekundu, mikono ameificha kwapani. Macho yake yalikuwa mezani petu, kwenye kiti kitupu.

Sikumfikiria yeye. Nilifikiria polisi wakimfuata ngazini, wakiingia, wakiuliza karatasi za kila mtu. Nilimfikiria Salvator akipoteza kazi, na viza yangu, na Neema peke yake na kichanga. Marek alikuwa akisema jambo na kutazama nyuma, kwa mama yake. Ewa alikuwa akimvuta mumewe shati. Hakuna aliyekuwa akinitazama mimi, au nilidhani hivyo.

Nilivuta ile sahani ya saba. Nikaipakulia kabichi kijiko kimoja, kingine, nikaweka juu yake kipande cha samaki nilichokwisha kukiuma, nikaisogeza karibu na yangu. Kwenye kiti nikaweka mkoba na koti la Aline. Ikawa kana kwamba mtu wa saba yupo, ametoka kidogo.

Marek akageuka, akaiona. Akamwambia Petro kwa Kipolandi, na hilo nililielewa bila mkalimani: pamejaa.

Bibi Halina alikuwa ameniona tangu kijiko cha kwanza. Alinitazama, wala si kwa hasira. Kisha akainuka, mkono mmoja ukishikilia meza, akachukua sahani yake mwenyewe, akaifuta kwa kitambaa mpaka ikang'aa, akairudisha palepale. Akavuta kiti chake nje. Akasema neno moja kuelekea ukumbini.

"Anamwambia akae," Salvator alisema.

Petro aliingia kama mtu anayekanyaga mayai. Alipopita karibu naye, bibi alirudi nyuma hatua mbili mpaka mgongo ukagusa kabati. Hakumsamehe, mtu asidhani nasimulia msamaha. Alichukua kigoda, akaketi mlangoni pa jikoni, mbali naye kadiri chumba kilivyoruhusu, akala mkate juu ya magoti huku hamwondolei macho. Kila Petro aliposhika kisu kukata samaki, bibi aliacha kutafuna mkate, akaukaza mkononi.

Na mimi nilikula sahani mbili. Ningefanyaje? Nilikula kabichi yote ile baridi, chozi linanidondoka, Aline ananiuliza kwa Kiswidi kitu ambacho sikutaka nitafsiriwe.

Polisi hawakuja.

Januari, siku za mwisho. Salvator alinieleza kwamba Petro alilala jikoni kwa Marek siku tatu, na siku zote tatu bibi alifunga mlango wa chumba chake akauegemezea kiti kwa ndani. Asubuhi alimkaangia mayai. Siku ya nne Petro alipanda meli kurudi kwao. Nilitaka kwenda kumuaga bibi Halina. Nilifika mpaka kituo cha Skärholmen, nikasimama dakika kumi kwenye ngazi, nikarudi Akalla.

Kasulu, nyumbani. Wanajumuiya wenzangu walikuja kunipokea, wakaniuliza theluji inafananaje, nikawasimulia theluji. Wakaniuliza kuhusu wazungu wa huko kama wana roho nzuri, nikasema wanayo. Habari ya sahani sikuigusa. Siku zote nilidhani wanaowafungia wenzao milango ni watu wenye chuki, na waoga kama sisi hatuna hatia. Yule bibi alikuwa na hofu kuliko mimi, na sababu alikuwa nayo, akatoa kiti chake. Mimi Petro hakuwahi kunikosea kitu. Sikuwa na kisu wala bunduki. Nilikuwa na kijiko cha kabichi, na kilinitosha.