Kunguru wa Serikali

Jumatatu nilikuwa kwenye foleni katika ofisi moja ya mazingira mjini Malindi, akaingia mama wa makamo kutoka mtaa wa Barani, ameshika tenga tupu. Karani akamwamkia, "Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Kunguru wenu wamenimalizia vifaranga."

"Mama, kunguru hawana mwenyewe."

"Wanaye. Marehemu babu alituhadithia kuwa zamani hawakuwako. Serikali iliwaleta pwani kutoka Bara Hindi, waje wale taka za miji. Taka hawakuzimaliza, wakageukia mayai na makinda ya ndege wetu. Sasa wamefika kwangu."

Karani akatabasamu. "Hiyo ilikuwa serikali ya wakoloni, na ilishaondoka."

Mama akaugonga ukuta kwa kidole. "Jumba lao hili mmelirithi. Kunguru ndio hamkuwarithi?"

Foleni nzima ikacheka, na karani naye akacheka. Alipotulia akauliza kwa upole, "Na matumbo ya samaki, mama, huyatupa wapi?"

Mama akajifunika mdomo kwa ncha ya leso. "Nyuma ya banda la kuku," akasema, na kicheko kikamshinda.

Waliagana vizuri. Mama atayafukia matumbo yake, na karani atapeleka gari la taka mtaani kwao. Mimi nadhani kesi ile ilikuwa yetu sote. Tuliwaita kunguru waje watufanyie kazi moja, na mpaka leo hatujawapa hata siku moja ya mapumziko.