Mashine ya Kupinduliwa

Mashine yetu ya gemu ilikuwa haisomi sidii mpaka uipindue, tumbo likae juu. Lenzi ilikuwa imechoka, na fundi wa Timbwani alishatuambia kiwanda kimeacha kuzitengeneza, hata vipuri havipatikani tena. Kaka yangu ndiye aliyegundua kuipindua. Tangu hapo ikakaa hivyo hivyo chini ya runinga, nasi tukaendelea na ligi yetu ya mpira kila Jumapili baada ya chakula cha mchana.

Kaka alipofariki, nyumba ilijaa watu. Sikulia. Nilibeba viti, nikaitikia pole za kila aliyeingia. Siku ya tatu, baada ya hitima, shangazi yetu alisafisha sebule akaikuta mashine imelala kichwa chini. Akaipangusa vumbi, akaigeuza sawasawa, akaifunika kwa kitambaa cha kufuma.

"Wallahi nyinyi wanaume hata kuweka kitu hamjui," akaniambia.

Nikamwambia ahsante.

Huu mwaka wa nne iko vile vile alivyoiweka. Mke wangu hukifua kitambaa na kukirudisha. Wageni wakiuliza kama bado inafanya kazi, mimi huwajibu kuwa imekufa, kisha nawakaribisha chai.

Haijakufa. Ni kuipindua tu. Ligi yetu imo kwenye kadi yake ya kumbukumbu, pale pale tulipoiachia, na zamu ya kuchagua timu ni ya kaka.