Nafasi Tupu Iliyotaka Kunifuta Kazi

Niseme mwenyewe kabla Garsen nzima haijasema. Kompyuta ya ofisi ilikataa kujumlisha magunia ya mbegu za vijiji vya Wema, Kulesa na Kau. Badala ya jibu, ikanionyesha fomula yenyewe. Mtoto mgongoni, nikamfokea mwenzangu Hawaye, "Umeiharibu!" Bosi, Bwana Komora, akasema ataleta mwanamume kutoka Hola achukue kazi yangu.

Hasira zikanipanda, nikaandika fomula upya. Hapo nikavifumania vidole vyangu: kwa mazoea ya taipureta, kila mstari vinauanza kwa nafasi tupu, na kompyuta ikaiona fomula kuwa maneno tu. Nikaifuta nafasi hiyo. Jibu likatokea, wote wakitazama.

Hawaye akaangua kicheko. "Kumbe mchawi ni wewe, Mama Dhadho!"

"Ndiyo, na mganga ni mimi. Bwana Komora, mwambie wa Hola asipande basi."