Nani Anatoa Upepo Tairi Zangu?

Naona haya kuisimulia hii, lakini heri mnisikie mimi kuliko mumsikie jirani yangu Papa Jules, Mkongomani anayekaa ghorofa ya chini yetu hapa Flemingdon Park, mtaa wetu huku ughaibuni, maana yeye anaitia chumvi (na ana haki).

Mke wangu Nekesa alikuwa na mimba ya miezi minane, mama yake akaja kutoka Bungoma kumsaidia, nami nikaamua gari liwe imara, kwa hiyo nikajaza upepo mpaka namba iliyoandikwa kwenye tairi yenyewe, arobaini na nne, kwa sababu kwetu tairi nzuri ni ile ukiipiga teke mguu ndio unauma. Papa Jules akaniambia, "Ndugu, fuata kikaratasi ya mlango wa dereva, inasema thelathini na tatu. Hii ya tairi ni mwisho yake." Nikamtazama tu. Anataka nini na gari langu?

Basi kila nikijaza, nikipima tena nakuta thelathini na tatu, tairi zote nne. Baridi haipunguzi kwa mpangilio namna hiyo, nikajua kuna mkono wa mtu, na ni nani mwingine aliyeitaja namba hiyo? Nikaacha kumsalimia. Nikamwambia hata asijisumbue kumpeleka Nekesa hospitali uchungu ukimshika nikiwa kazini, ingawa tulikuwa tumekubaliana atampeleka.

Jumapili baada ya ibada, watu wamejaa uwanjani, nikamkuta ameinama kando ya gurudumu langu (kumbe alikuwa anafunga kamba za viatu). "Nimekushika!" nikapaza sauti. "Unataka kumuua mke wangu?"

Mama mkwe ndiye aliyesogea, na kwa kuwa kwetu mtu hagombani na mkwewe ana kwa ana, alimgeukia mchungaji ilhali mimi niko papo hapo.

"Mchungaji, mwambie mkwe wangu upepo natoa mimi, kwa kipimo chake mwenyewe, mpaka namba ya kikaratasi cha mlangoni. Binti yangu kila shimo anashika tumbo. Mimi ningemwambiaje?"

Nikamtazama Nekesa. "Nilikuambia gari linaruka," akasema, "ukasema nimezoea starehe."

Niliomba msamaha mbele ya kanisa zima. Papa Jules alimaliza kufunga kamba za viatu, akaondoka.

Uchungu ulimshika Nekesa nikiwa kazini, na ni Papa Jules aliyempeleka. Nilipofika hospitali mbio akanipita mlangoni. "Nimekuja kwa ajili ya mama wa mtoto," akasema, "si kwako." Mtoto alikuwa salama, na mimi nililia. Tangu hapo nimeapa: mke wangu akisema gari linaruka, linaruka.