Joho Lenye Mwenyewe

Kama ulihitimu chuo chochote kati ya Kisumu na Maseno miaka hii ya karibuni, huenda Maximilla Nabututu anayajua mabega yako. Wewe pengine ulimsahau siku ileile. Yeye hakukusahau, hasa kama ulimrudishia joho lake likiwa na mchuzi kwenye mkono.

Ukifika Kondele ukamuulizia Maximilla, utazunguka mpaka uchoke. Muulizie Mama Joho. Utaonyeshwa kibanda cha mabati ya kijani nyuma ya soko, cherehani mlangoni, majoho meusi yamening'inia ndani kama popo. Anayashona mwenyewe na kuyakodisha. Alitoka Bungoma akiwa msichana, shule aliishia darasa la saba, na kushona alifundishwa na shangazi aliyemchapa vidole kwa rula kila mshono ulipopinda. Shangazi alikwisha kufariki, lakini vidole bado vinamwogopa.

Joho moja halikukodishwa kamwe. Lilikaa ndani ya mfuko wa nailoni, kwenye msumari wake peke yake. Alilishona binti yake Jentrix alipoingia kidato cha pili, na kila Desemba aliteremsha pindo kadiri msichana alivyorefuka. Mteja akilinyooshea kidole, jibu lilikuwa moja tu: "Hiyo iko na mwenyewe."

Basi Jentrix akamaliza shule, akapata C plus, na barua ya kuitwa Chuo Kikuu cha Maseno ikaja. Mama Joho alicheza mbele ya kibanda mpaka wauza nyanya wakaacha nyanya. Jentrix alingoja acheze amalize, ndipo akasema kwamba haendi Maseno. Alitaka chuo cha ufundi, akasomee friji.

"Friji?" mama yake aliuliza, utadhani ametajiwa ugonjwa.

"Friji na friza, mama. Wale mama wa samaki huko Dunga, friza ikizima wanalia. Na fundi ni Frankline peke yake, na amechoka."

Frankline alikuwa akijulikana vizuri pale. Mama Joho mwenyewe ndiye aliyemvisha siku ya digrii yake ya uchumi. Alibeba bahasha ya vyeti ofisi hadi ofisi kwa miaka miwili, kisha akaenda kujifunza friji.

"Huyo ana digrii!" alisema Mama Joho. "Friji ikimkataa, ana digrii nyuma. Wewe utakuwa na nini nyuma?"

Wakamwita Frankline aamue. Naye, maskini, akawaudhi wote wawili. "Mama, digrii yangu siijutii, ilinifungua macho," alisema. "Lakini ningerudi nyuma, ningeanza na friji." Kisha akakumbuka kwamba ana kazi Dunga.

Walipobaki wawili, Mama Joho alilia. Hakuwa akidharau kazi ya mikono. Angeidharau vipi na ndiyo iliyomlisha? Aliogopa tu. Miaka kumi na sita watu wamekuwa wakimwita "wewe fundi" huku wakipiga vidole, na hakutaka mtoto wake aitwe hivyo.

"Nimevisha watoto wa watu wote," alisema. "Wangu ndiye avae ovaroli? Mimi sikusoma, Jentrix. Angalau wewe."

"Hukusoma ama hukupewa karatasi?"

Hapo ndipo msichana akatoa maneno aliyokuwa ameyaficha. Chuo cha ufundi kilikuwa kikiwapima mafundi waliojifunzia kazini. Anayepita anapewa cheti. Mtihani ulikuwa wiki iliyofuata, kabla ya siku ya kuripoti Maseno.

"Ufanye, mama. Ukianguka, naenda Maseno na sitasema kitu. Ukipita, unaniacha na friji yangu."

Mama Joho alikubali upesi mno. Alikwisha kupiga hesabu yake: katika kazi zote za dunia hii, ipo iliyo rahisi kuliko kuanguka mtihani?

Siku ya mtihani walikuwa mafundi saba. Mkufunzi, Mwalimu Zadock, mtu mwembamba mwenye miwani kwenye paji la uso, aliwapa kila mmoja kitambaa: shati la shule, lenye kola na mfuko, likamilike kufikia saa saba mchana. Mama Joho alikata huku akiimba pambio. Alipofika kwenye kola, akaisukuma kando kidogo, akapitisha cherehani. Kola ikakaa upande. Vizuri sana, akajiambia. Maseno hiyo.

Akaendelea na mfuko, lakini macho yakarudi kwenye kola. Akashona mkono wa kwanza, macho yakarudi tena. Alianza kumwona mtoto wa watu amesimama mstarini asubuhi na kola ile, wenzake wakimcheka, na mwalimu akiuliza ni fundi gani aliyeshona. Vidole vikaanza kumwasha. Akavikalia. Huwezi kushona huku umekalia vidole, na saa ilikuwa inakwenda. Mwishowe alichukua wembe, akamlaani shangazi yake kwa Kibukusu palepale alipo kaburini, akaifumua kola yote. Akaishona upya, imenyooka, na kwa kuwa alikwisha kukasirika, matundu ya vifungo akayadarizi kwa mkono.

Zadock aligeuza shati ndani nje. "Ber ahinya," alisema polepole. "Vizuri kabisa. Lakini mama, hapa kwa kola ulifumua?"

"Ndiyo, mwalimu. Ilikuwa imepinda."

"Nani alikuambia imepinda?"

"Si naona mwenyewe."

Zadock akateremsha miwani, akamtazama vizuri, kisha akaandika kitu.

Akapita, bila shaka. Alirudi nyumbani uso umemshuka kama aliyefeli, akashona siku tatu bila pambio. Siku ya nne alimwona Jentrix akijaribu ovaroli ya dukani, kiuno kinapwaya. Akaivuta mezani, akaipunguza.

"Ulijuaje kwamba sitaharibu makusudi?" aliuliza sindano ikiwa mdomoni.

Jentrix akacheka. "Mama, kwa mazishi ya mjomba Waswa ulimshonea pasta kifungo kabla aombe. Wewe utaacha kola imepinda?"

Mahafali ya mafundi yalifanyika Novemba. Chuo kilikodi majoho kwake, naye akayagawa yote kwa furaha, mpaka jioni ya kuamkia siku yenyewe Jentrix alipouliza, "Na wewe utavaa nini?" Mama Joho akageuka. Kibanda kilikuwa kitupu. Lilibaki moja tu, kwenye msumari wake.

Jentrix ni mrefu mwembamba; mama yake ni mfupi, na mwili anao. Alijipima mwenyewe, akakata pindo mwenyewe, na joho likapanda nyuma hadi magotini. Kinyozi hajinyoi. Jentrix akamnyang'anya tepu na chaki, akampima kama anavyopima mabomba ya friza, na kwa mara ya kwanza tangu aanze kazi, Mama Joho alisimama wima akapimwa.

Kesho yake jina lilipotangazwa, "Maximilla Nabututu Wechuli," hakuna aliyeinuka. Likatangazwa tena. Yeye alikuwa anakodolea macho mshono wa bega la aliyekaa mbele yake, ambao haukumpendeza.

"Mama Joho!" Jentrix alipaza sauti kutoka nyuma, amevaa ovaroli, amebeba viti. "Ni wewe!"

Ukumbi mzima ukacheka na kupiga vigelegele. Maximilla akainuka, akaenda kupokea karatasi yake huku machozi yakimtiririka, wala hakujaribu kuyafuta. Zadock alipompa mkono alimwita Bi. Maximilla. Hakumwita fundi, ingawa siku hiyo hata neno hilo lingemfurahisha.

Hakulivua joho. Alirudi nalo Kondele, akafungua kibanda, kwa maana waliokodi wangeanza kurudisha. Wa kwanza kuingia alikuwa msichana mgeni, anahitimu Maseno mwezi ujao. Akatazama misumari mitupu, kisha akamtazama yeye.

"Mama, hiyo umevaa ni nzuri. Naweza kuikodi?"

Maximilla akajipangusa vumbi la chaki kifuani, akanyoosha kola.

"Hii," alisema, "iko na mwenyewe."