Mikono Iliyokataa Kupakata

Iko siku moja naikumbuka, mwanangu, na kila nikiikumbuka huwa haina sauti, ingawa ilikuwa Kariakoo asubuhi, na Kariakoo haijawahi kunyamaza asubuhi. Nilikuwa nauza khanga katika duka la Mama Kanta. Mteja alichagua doti moja, nikaikunja, nikaiviringisha, nikailaza mikononi karibu na kifua nimpelekee mlangoni. Mikono yote miwili ikafa ganzi, kisha ikauma tangu mabegani hadi vidoleni, maumivu mazito kama ya jino. Doti ikaanguka sakafuni. Mama Kanta, ambaye hakuwa mtu wa ukali, alinitazama juu ya miwani yake.

"Jana ulishusha robota zima peke yako," akasema. "Leo doti moja inakushinda?"

Alisema kweli. Robota la khanga nilijitwika begani bila taabu yoyote. Lakini chochote kilichoviringishwa nikakilaza mikononi, hata mkate uliofungwa gazeti, mikono ilikataa. Ungeniona wakati ule hata wewe ungesema huyu anadeka. Wengi walisema hivyo. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.

Tulikwenda hospitali, na tulifanya vizuri kwenda, lishike hilo. Damu ikapimwa, picha za eksirei zikapigwa, na mume wangu Salum akawa anatembea na bahasha kwapani kama karani. Kila daktari alisema vipimo ni vizuri. Hapo ndugu wakagawanyika. Mkwe wangu, mama yake Salum, alisema ni jini, atafutwe mtu wa kulitoa. Wifi yangu alisema ni uvivu, na kwa uvivu hakuna haja ya kutafuta mtu. Mimi nilikuwa naishi kama anayetazama barabara akiwa ndani ya chandarua. Wachukuzi walipita na mikokoteni yao wakiomba njia, wanawake walibishana bei mbele yangu, nami niliwaona wote, ila walikuwa mbali sana.

Kisha nikamzaa Rehema.

Hapa nitakwenda taratibu, univumilie. Rehema hakuwa wa kwanza. Kabla yake nilizaa mvulana, akaja hana pumzi. Desturi zetu unazijua. Wanaume walimwosha, wakamviringisha katika khanga yangu mpya, wakaenda kumzika kabla ya adhuhuri. Mwanamke haendi makaburini, na mzazi aliye kitandani hata mlangoni hafiki. Sikumshika. Niliona khanga ikipita, basi. Wanawake waliokuja kunipa pole walinikataza kulia. Yule ni malaika, walisema, ukimlilia unamzibia njia. Usidhani hawakunipenda, walinipenda sana, na uji walinipikia kwa zamu. Nikanyamaza. Arobaini ilipokwisha nikarudi dukani, na kila aliyeniona alinisifu kwa subira. Mikono ilianza miezi michache baadaye, na hakuna aliyeyaweka mambo hayo mawili pamoja, mimi nikiwemo.

Sasa Rehema yupo, mzima, ana sauti ya kuamsha mtaa, nami siwezi kumpakata. Nilimnyonyesha nimelala ubavu. Akitaka kubebwa, mkwe wangu ndiye aliyembeba. Mtoto akazoea kumlilia bibi yake kila akiamka, na mimi akinitazama kama mgeni aliyepita kusalimia. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, na mimi nilikuwa nao wa wana wawili. Nilimwogopa mwanangu mwenyewe. Niliogopa nitamwangusha kama ile doti, na niliogopa zaidi siku atakapoacha kabisa kunitaka.

Daktari wa mwisho tulimwona kule Posta. Alizitazama zile picha mpaka akamaliza, akaniambia mishipa na mifupa yangu ni mizima, na maumivu yangu ni ya kweli, na angependa nikamwone mtaalamu wa saikolojia. Maneno yote hayo, mwanangu, na mimi nikasikia moja ambalo hakulisema: wazimu. Nilijifunga mtandio nikatoka bila hata kuaga vizuri. Nikaenda moja kwa moja Mtaa wa Swahili kwa Shangazi Mwanaidi, dada wa baba yangu, kushtaki.

Shangazi alikuwa anachambua mchele. Alinisikiliza mpaka mwisho bila kuinua macho kwenye ungo.

"Daktari kakwambia huumwi?" akauliza.

"Hapana, shangazi. Kasema maumivu ni ya kweli."

"Kakwambia una wazimu?"

"Ananipeleka kwa watu wa wazimu."

"Sikukuuliza anakupeleka wapi. Wewe ukiona aibu uso unawaka moto. Uso una kidonda? Ukiogopa tumbo linakukata. Tumbo lina kidonda? Basi na mikono yako inaweza kuuma bila kidonda." Akaweka ungo chini. "Hebu niambie. Unataka watu wakuamini kuwa mgonjwa, au unamtaka mtoto wako?"

Nilikasirika, sitakuficha. Nilirudi nyumbani nimenuna, na wiki nzima sikupita kwake. Lakini swali lile lilinifuata hadi dukani, na wiki iliyofuata nikaenda kwa huyo mtaalamu.

Alikuwa mama wa makamo, nikimwita Dada Eliza. Nilitarajia atanitazama kwa huruma ya kumtazama kichaa, kumbe alianza na mikono. Alinifundisha kuikaza na kuilegeza, na kupumua polepole kama mtu anayepoza uji. Aliniambia mwili hujifunza maumivu kama miguu inavyoizoea njia, hata ukiwa na mawazo mengine inakupeleka kulekule, na kuifundisha njia nyingine kunataka subira. Alinipa khanga tupu niipakate. Baadaye khanga iliyoviringishwa. Baadaye khanga yenye unga kidogo ndani. Mikono ikiuma nisiikemee wala nisikimbie, nipumue tu. Nilijiona mjinga, mwanamke mzima nabembeleza unga. Haba na haba hujaza kibaba, nilijiambia, na nikaendelea.

Siku moja, nilipokwisha kumsimulia habari za mvulana wangu, nikiwa na ule mzigo kifuani akaniuliza, "Yule wa kwanza nani alimbeba?"

"Mume wangu."

"Umewahi kumwuliza?"

Sikuwahi. Jioni ile Salum alikuwa amekaa barazani, nikakaa kando yake, nikamwuliza alimbebaje mtoto. Aliitazama mikono yake.

"Alikuwa mzito," akasema. "Watu walidhani nimebeba kitu chepesi. Ana nywele nyingi, na paji la uso la baba yako. Siku zote nilitaka kukwambia. Wakaniambia nisikukumbushe."

Tulilia wote wawili pale barazani, wapita njia wakituona, na haya sikuona. Tukampa yule wa kwanza jina la baba yangu. Hakuwa amepewa jina na mtu yeyote.

Usije ukadhani mikono ilipona palepale. Iliuma kesho yake, na mwezi uliofuata, nami nikaendelea na Dada Eliza na mazoezi yake. Zilikuwapo siku nilizoona nimerudi nilikoanzia. Hata asubuhi moja mkwe wangu ametoka kwenda sokoni, Rehema akaamka analia, na nyumba haina mwingine. Nikamwinua. Akanisukuma, akamtafuta bibi yake mlangoni kwa macho, akalia zaidi. Mikono iliuma, mwanangu, iliuma vibaya sana. Sikumweka chini. Nilipumua kama nilivyofunzwa, nikatembea naye chumbani huku na huku, mpaka kichwa chake kikalala begani kwangu, akawa mzito kwa usingizi, mzito kweli, na mimi nimemshika.

Basi sikia. Nyinyi wa leo mkiumwa mnaiuliza simu kwanza. Nenda kwa daktari upimwe, usidharau maumivu hata siku moja. Vipimo vikitoka vizuri, furahi, na usione kama umeitwa mwongo. Ukielekezwa kwa mtaalamu wa mambo ya moyo na fikra, nenda, hakuna aliyekufukuza. Jirani yako akikwambia anaumwa na hakuna kinachoonekana, mwamini, kwani mgonjwa haulizwi uji. Na aliyefiwa, hata kama ni kichanga cha saa moja, mwache alie, kisha mwulize alifananaje.

Mola akulinde na maradhi yanayoonekana na yasiyoonekana. Akujaalie mtu wa kukuamini kabla hujapona, na kila utakayempenda ujaaliwe kumshika.