Gari la Shemeji

Gari letu la mbio lilikuwa na sura mbaya, na nalisema hilo mapema asije mtu akanidai picha zake. Lilikuwa gari dogo jeupe la milango minne. Tulilinunua kwa mlowezi mmoja aliyekuwa akifungasha virago miaka michache baada ya uhuru, naye alikuwa akilitumia kubebea mbwa na madebe ya maziwa. Mume wangu alilipeleka kwenye gereji yake mjini Nyeri, akalivua viti, zulia na kila kitu kilichokubali spana. Kwa muda mrefu nikawa naona mifupa tu. Nilimwambia kwamba watu wengine wakipata gari huliongezea vitu. Akacheka, akasema gari likiwa jepesi, barabara haina sababu ya kuligombeza.

Nimeyaona magari mengi tangu siku zile, mengine yametoka ng'ambo na mafundi wake wenye ovaroli za rangi moja, lakini sijaona lililofikiriwa kama lile. Betri aliitoa mbele akaipeleka kwenye buti, ili pua isizame kila tunapotua. Tangi la mafuta alilipandisha juu, mbali na mawe. Chini ya injini alifunga bamba la chuma lililopinda kidogo, gari likikwama juu ya jiwe liteleze badala ya kuning'inia. Springi zilitoka kwenye pikapu. Taa za mbele alizikinga kwa waya ule ule wa meza za kukaushia kahawa, na mpaka leo nikipita kiwanda cha kahawa nikaona meza zile nakumbuka macho ya gari letu. Nyuma, juu ya buti, alichomelea vishikio viwili, na chini yake kibao cha chuma cha kusimamia. Kibao kile kilikuwa changu. Tukinasa kwenye matope nilitakiwa kushuka, kuzunguka nyuma, kupanda pale na kurukaruka kwa nguvu zangu zote mpaka magurudumu yapate pa kushika.

Dereva alikuwa kaka yangu mkubwa. Kazi yake ilikuwa kuendesha lori la chama cha wakulima kule Gakindu, na mtu aliyeteremsha lori lililojaa kahawa kwenye miteremko ile wakati wa masika hahitaji kufundishwa usukani. Mimi, mwalimu wa shule ya msingi, nilichaguliwa kuwa mwelekezi kwa sababu nilikuwa mwepesi na nilikuwa na sauti iliyozoea kushindana na darasa zima. Akina mama wa kanisani walinisema sana kwa ajili ya suruali. Niliwakaribisha waje wapande kibao changu kwenye matope wakiwa na sketi zao, na hakuna aliyekuja.

Kazi ya mwelekezi ni kumsomea dereva barabara kabla hajaiona. Tulijaribu Kiingereza, kikawa kirefu mno, kona imeshapita nami bado natafuta neno. Basi tukajitungia lugha yetu. Njia za juu, kwenye majani ya chai, ni utelezi mtupu. Njia za chini, kwenye kahawa, hushika vizuri ila zina mashimo. Kwa hiyo nikisema "chai" alijua barabara itateleza, nikisema "kahawa" alijua anaweza kukanyaga. Siku ya kwanza ya mazoezi, juu ya Kiriaini, nilipaza sauti nikasema chai, naye kaka yangu akanyoosha mkono kungoja kikombe. Tulikoma kwenye ua wa mtu. Mwenye ua alitusaidia kusukuma, kisha akatuletea chai ya kweli.

Mashindano yetu ya kwanza yalikuwa madogo, ya kuzunguka mlima, na tulimaliza nyuma ya wote waliomaliza. Yaliyofuata tulifanya vizuri kidogo. Ya tatu tuliwashinda watu wenye magari ya bei, mvua iliponyesha wao wakawa wanazunguka kama pia na sisi tunapita polepole na waya zetu za kahawa. Mjini Nyeri watu walianza kusimama nje ya gereji kuangalia tu. Mume wangu alinunua kofia mpya. Nilimpenda sana mwaka ule, na gari nililipenda pia, tena sioni haya kusema hivyo.

Kisha ikaja Pasaka, na mbio kubwa za nchi nzima. Siku ya mwisho ya matayarisho umeme ulikuwa ukikatika na kurudi, na mume wangu alikuwa akichomelea mkono wa chuma unaoshika gurudumu la mbele upande wa kulia. Chini ya Kianyaga kuna kalavati iliyoinuka katikati ya barabara kama mgongo wa ng'ombe. Tuliruka pale, tulipotua ule mkono ukaachia. Gari likaingia kwenye ukingo wa shamba la kahawa upande wa dereva. Mimi nilitoka na mikwaruzo. Kaka yangu alitolewa na watu waliokuwa wakitoka ibadani, mguu wake wa kulia ukiwa umevunjika pabaya, na alipotoka hospitalini baada ya miezi ulikuwa mfupi kuliko mwenzake.

Mume wangu alikwenda kulichukua gari kwa lori. Alilala chini akatazama pale palipoachia, na jioni akaniambia kwa sauti ya kawaida kwamba chuma kilikuwa kimeshikana juu tu, ndani hakikuungana. Tangu siku hiyo hakugusa tena mashine ya kuchomelea. Wateja wakija na kazi hiyo aliwaelekeza gereji nyingine. Alibaki kufunga nati na kubadilisha oili, mtu ambaye nusu ya malango ya mji ilitoka mikononi mwake.

Sasa ni lazima nieleze jambo moja, bila hilo mengine hayataeleweka. Kwa Kigikuyu shemeji na mkwe tunamwita muthoni, na ndani ya neno hilo mna neno thoni, yaani haya, soni. Muthoni ni mtu wa kuonewa haya. Humkaripii, humwambii kosa lake usoni, humpi nafasi ya kuaibika mbele yako. Kwa hiyo kaka yangu alipokuja kwetu mara ya kwanza na magongo yake, wanaume wale wawili walikaa sebuleni mchana kutwa wakizungumzia mvua. Walizungumzia bei ya mbolea. Walimzungumzia padri mpya. Mguu ulikuwa umenyooshwa juu ya stuli katikati yao, na hakuna aliyeutaja. Kaka hakuweza kusema chuma chako kiliachia, kwa sababu ni muthoni. Mume wangu hakuweza kusema nisamehe, kwa sababu angemlazimisha muthoni wake akubali kwamba kulikuwa na kosa. Nilitamani kuwarushia vikombe. Niliingia jikoni nikalia kwa hasira, maana niliwapenda wote wawili na adabu yao ilikuwa inaniua.

Gari lilikaa nyuma ya gereji chini ya turubai. Mume wangu alikuwa akipita kando yake akiangalia upande mwingine. Alikonda. Nilianza kuamini kwamba fundi yule sitamwona tena, kwamba nitazeeka na mtu anayefunga nati.

Kaka yangu alikuwa ameanza tena kutembea, kwa fimbo, aliponiita Gakindu siku moja ya soko. Kiatu chake cha kulia kilikuwa kimeongezwa soli nene. Alinipa ndizi za kupeleka nyumbani, akanisindikiza mpaka barabarani, na pale tu ndipo alipotoa ujumbe.

"Mwambie muthoni hiyo pedali ya mafuta ailete karibu," alisema. "Mguu yangu haifiki."

Nilimpelekea mume wangu maneno hayo kama yalivyo. Alikuwa anakula. Aliweka kijiko chini, akauliza kaka alisema ni nani ailete pedali karibu. Nikamwambia alisema ni wewe. Akasema kazi ya kuchomelea ataitafutia mtu. Jumapili iliyofuata nilimfikishia kaka yangu jibu hilo baada ya ibada. Akatikisa kichwa. Alisema kama ni mtu mwingine, basi na gari itafutiwe dereva mwingine.

Mume wangu aliitoa ile mashine. Kabla hajaligusa gari alichukua vipande vya chuma chakavu, akawa anaviunga viwiliviwili, akishamaliza anavifunga kwenye jiliwa na kuvipiga kwa nyundo kubwa. Kilichoachia alikitupa na kuanza upya. Siku nyingi nikitoka shule nilikuta lundo limeongezeka. Siku moja alinionyesha kipande kilichopinda mpaka kikawa kama ndoana, na mahali pa kuungana pakiwa pazima. Siku hiyo alilala chini ya gari. Aliunga upya mikono yote miwili ya mbele, kisha akaikata pedali ya mafuta, akairefusha, akaipa kikanyagio kipana ambacho hata soli nene isingekikosa.

Pasaka iliyofuata tuliingia tena mbio kubwa, na mvua ilianza mapema. Mbio zile hatukuzimaliza, kwa sababu giaboksi ilitufia mbali sana, kwenye nchi kavu, na vitabu havina habari zetu. Lakini kabla ya hapo tulipita Kianyaga. Tulikuwa tumechelewa, na kituo cha Nyeri cha kupimia muda kilitungojea. Nilijua kalavati inakuja. Nikasoma kama nilivyoandika: kahawa, kalavati, punguza.

Kaka yangu hakuondoa mguu.

"Hapo muthoni ameshamaliza kazi," alisema. "Soma ingine."

Tuliruka. Nilisikia injini ikipiga kelele hewani, halafu tukatua, gari likatikisika mara moja na kunyooka, likaendelea kama vile hapakuwa na kitu. Nilisoma kona iliyofuata kwa sauti ambayo sikuitambua.

Nyeri mume wangu alikuwa akingoja kando ya barabara karibu na kituo, pale magari yaliporuhusiwa kutengenezwa. Hakunisalimu. Aliniuliza kaka yangu alipunguza kiasi gani pale kwenye kalavati. Nikamwambia hakupunguza. Akanitazama, akaniuliza tena, nikamjibu yale yale, nikamweleza na maneno aliyoyasema kaka. Basi akaingia chini ya gari na tochi yake, akakaa huko.

Kaka yangu alikuwa bado kwenye usukani. Alingoja, kisha akashuka, akaegemeza fimbo kwenye mlango, akainama kwa shida, akalala chali kwenye matope na kujisukuma chini ya gari kutoka upande wa pili. Nilibaki naona miguu minne tu, mmoja ukiwa na soli nene. Walikuwa wanaongea. Sikusikia neno hata moja, ila nilisikia mume wangu akilia, na kaka yangu akiongea polepole, bila kunyamaza.

Kazi yangu ilikuwa saa. Nilikuwa nimemfokea kaka yangu tangu tulipoondoka Nairobi kwa sababu ya saa. Karani wa kituo aliniita, akanionyesha kwa kidole kwamba muda wetu unakwisha na tutakatwa pointi. Nilimwambia najua. Nilisimama mbele ya gari, nikamzibia asione chini, nikauacha muda upite.